Ulilala kwa nani? Safari ya neno ‘hoteli’ hadi Marani

Kila nirudipo Marani kutoka safarini, mama huniuliza swali moja kabla hata sijavua viatu. Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi kwa siku tatu, kwenye kongamano la walimu wa Kiswahili. Nilipofika nyumbani jioni, hakujali kongamano lilikwendaje. “Omwana one,” alisema, yaani mwanangu, “ulilala kwa nani?”

“Nililala hotelini, baba,” nikamjibu. (Msomaji asiyetoka kwetu asishangae. Katika Ekegusii, baba ndiye mama, na baba mzazi huitwa tata. Nimewahi kuwaona wanafunzi wa darasa la kwanza wakilia kwa sababu ya jambo hili.)

Mama alinitazama kwa muda. “Hotelini? Wakakutandikia juu ya meza?”

Wajukuu walicheka, nami nikacheka. Usiku, hata hivyo, nililifikiria swali lile nikaona kwamba mama hakukosea hata chembe. Sokoni Marani kuna hoteli kadhaa. Ndani yake mna chai ya maziwa, mandazi, chapati kwa maharagwe, ugali kwa chinsaga, na siku ya soko, nyama. Mna mabenchi na meza. Hamna kitanda. Ukimwambia mtu wa Marani, “Twende hotelini,” atanawa mikono. Ukimwambia ulilala hotelini, ana haki ya kuuliza kuhusu meza.

Nasi walimu tuna jibu letu tayari. Tunawafundisha watoto kwamba mahali pa kula panaitwa mkahawa, na hoteli ni mahali pa malazi. Mtoto huandika hivyo kwenye mtihani akapata alama, kisha akitoka shuleni anatumwa na mama yake mandazi hotelini. Sijawahi kumsikia mtu sokoni kwetu akisema mkahawa, isipokuwa mimi, na nilipolisema mwenye hoteli aliniambia kahawa hana, ana chai tu. Naye alikuwa na haki yake, maana mkahawa ni neno lililozaliwa na kahawa pwani, ambako kahawa hunywewa barazani. Sisi huku tunaikuza kahawa milimani, tunaipeleka kiwandani, na kunywa chai.

Basi makala haya yanahusu neno hilo hoteli, na kwa nini lilifika kwetu likiwa na meza bila kitanda. Lakini kwanza ni sharti niseme ukweli kuhusu usiku wangu.

Hoteli yenyewe sitaitaja jina. Iko katikati ya jiji, si ya kifahari wala si ya kutisha. Msichana wa mapokezi alinikaribisha kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kiingereza, nami nikaendelea kwa Kiswahili, tukaelewana hivyo hivyo. Akaomba kitambulisho. Akanipa fomu: jina, nambari ya kitambulisho, unakotoka, unakokwenda, madhumuni ya safari. Nilikuwa nikiandika ‘Marani’ wakati mwanamke mmoja alipoingia na kusimama nyuma yangu, begi begani, faili mkononi. Umri wake ni kama wa binti yangu. Msichana wa mapokezi alimtazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza akazungumza Kiswahili.

“Mko pamoja?”

Sote wawili tulijibu “hapana” kwa pamoja, haraka mno, kama watu waliofumaniwa. Mwanamke yule akaeleza, bila kuulizwa, kwamba ana mahojiano ya kazi asubuhi, na kwao ni mbali. Akaifungua faili kutafuta barua ya kuthibitisha. Mimi sikuulizwa barua. Nilichukua ufunguo nikapanda ngazi hadi orofa ya nne, na aibu ikapanda pamoja nami, ijapokuwa sikuwa nimefanya lolote.

Chumbani mlikuwa na kitanda kikubwa kuliko nilivyohitaji, kipande cha sabuni cha ukubwa wa kiberiti, taulo mbili, na runinga niliyoshindwa kuiwasha. Muziki wa baa ya chini ulipanda kupitia sakafuni hadi saa nane usiku. Hata hivyo, nikiri jambo ambalo sikumwambia mama: nilipenda. Nilipenda kufunga mlango na kukaa bila mtu kuniuliza habari za nyumbani, bila kuvunja usingizi wa mtu, bila kula chakula ambacho najua mwenye nyumba amekikopa. Nilikuwa mgeni asiyemlemea yeyote. Nilikuwa nimeshalipa.

Sasa turudi kwenye neno. Kiswahili kilichukua hoteli kutoka Kiingereza, Kiingereza kikaichukua kutoka Kifaransa, na ukiifuata nyuma zaidi utafika kwenye Kilatini, kwenye neno ‘hospes’, ambalo maana yake ni mgeni na pia mwenyeji. Mtu mmoja, neno moja, pande zote mbili za mlango. Kutoka mzizi huo tuna ndugu watatu katika Kiswahili cha leo: hoteli, hosteli na hospitali. Msafiri, mwanafunzi na mgonjwa wote wamelala katika neno lile lile. Kwetu Wabantu mambo ni tofauti. Mgeni, omogeni wa Ekegusii, mũgeni wa Kikuyu na omugenyi wa Luganda ni mzizi mmoja wa kale sana, lakini mgeni huyo hajawahi kuchanganywa na mwenyeji. Mwenyeji ni mwenye mji. Mgeni ni yule anayemhitaji.

Na hivyo ndivyo watu walivyolala safarini katika ufuo wetu kwa karne nyingi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mnamo 1331 alieleza desturi ya huko. Chombo kinapotia nanga, vijana huja kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja humpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hulala kwa mwenyeji wake na hununua na kuuza kupitia kwake. Tusidhani huo ulikuwa ukarimu mtupu. Mwenyeji alipata faida yake katika bei. Lakini kitanda chenyewe hakikuwa na bei, na swali la mama yangu, ulilala kwa nani, lingeeleweka bandarini pale bila mkalimani. Baadaye miji ya pwani ikapata pia musafirihana, nyumba za kuwahifadhi wasafiri. Sehemu ya mwisho ya neno hilo ni ‘khana’ ya Kiajemi, nyumba, ile ile iliyojificha ndani ya karakana. Hiyo nayo ilikuwa nyumba ya wenzako wa dini au wa asili, si ya kila mwenye pesa.

Huku bara mambo hayakuwa mbali na hayo. Boma la Mgusii lilikuwa na esaiga, nyumba ya vijana wa kiume, na mgeni wa kiume alilala humo. Hakuna aliyemwandikisha kwa sababu kabla hajaketi alikuwa ameshaeleza ukoo wake, wa mamaye, na jina la aliyemtuma. Fomu ile ya mapokezi ni fupi ikilinganishwa na maswali ya wazee wetu. Mgeni ambaye hakuwa na majibu ni yule aliyekuja na bunduki. Waingereza walipoanzisha kituo chao Kisii mnamo 1907, watu wakapaita mahali pale Bosongo, kwa wazungu, na jina hilo lipo hadi leo. Mwaka uliofuata Otenyo, kijana wa Kitutu hii yetu, alimchoma mkuki afisa wao Northcote. Northcote aliponea chupuchupu, kisha wananchi wakalipa kwa mauaji, kwa nyumba zao na kwa ng’ombe wao.

Hoteli zenyewe zililetwa na reli. Reli ilianza Mombasa mnamo 1896, ikafika mahali pa Nairobi mnamo 1899 na ufuoni mwa Ziwa Viktoria mnamo 1901. Mnamo 1902 Mayence Bent alifungua hoteli ya Stanley katika mji uliokuwa bado wa mabati. Sikukuu ya Krismasi ya 1904 Norfolk ikafunguliwa. Walowezi wakawa na mahali pa kulala, kunywa na kupanga namna ya kuigawa nchi. Norfolk ina ukurasa wake wa damu pia. Tarehe 16 Machi 1922, umati uliodai kuachiliwa kwa Harry Thuku ulimiminiwa risasi na polisi karibu na hapo, na wanahistoria wameandika kwamba baadhi ya wazungu waliokuwa barazani mwa hoteli walijiunga na ufyatuaji. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, na mashahidi wa Kiafrika wakasema ni wengi zaidi.

Je, Mwafrika alikuwa wapi katika hoteli hizo? Alikuwa ndani. Alikuwa jikoni, alikuwa dobi, alikuwa boi aliyevaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu akibeba sinia. Waafrika waliovijua vitanda vya hoteli walivijua kwa kuvitandika. Kulala juu yake ilikuwa habari nyingine, kwa sababu ubaguzi wa rangi haukuruhusu. Hata mnamo 1946, wakati watu wachache wa rangi mbalimbali walipotaka kuketi meza moja Nairobi wakala chakula cha mchana, iliwabidi waanzishe klabu yao, United Kenya Club, maana mahoteli hayakuwataka pamoja. Huo haukuwa ugonjwa wa Kenya peke yake. Kule Marekani, tangu 1936, Victor Hugo Green alichapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi mahali ambapo wangepokelewa kwa usiku mmoja. Kwetu hakuna aliyehitaji kitabu cha namna hiyo, kwani orodha yake ingekuwa tupu.

Kilichoruhusiwa ni kula. Mjini palikuwa na vibanda vya chai na nyumba za kula za Waafrika na za Wahindi, zenye leseni, zenye benchi na birika. Hizo ndizo zilizoitwa hoteli na watu waliokula humo. Hapa nina dhana yangu, msomaji aipime mwenyewe. Katika India, hasa kusini, neno hotel hadi leo laweza kumaanisha mahali pa kula tu. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli, na nyuma yao wakaja wenye maduka. Yamkini walituletea neno hilo likiwa tayari limepungukiwa na kitanda. Lakini hata kama ni wao waliolileta hivyo, lisingedumu hivyo kama maisha yetu yasingelikubali. Neno la Kiingereza lilikuwa na chumba cha kulia na chumba cha kulala. Babu zetu walifunguliwa kimoja, na lugha ikaandika kile walichokiona. Kwa hiyo mwalimu anapomsahihisha mtoto wa Marani kwamba hoteli si mahali pa kula, anamsahihisha kwa kamusi. Mtoto angeweza kumsahihisha kwa historia.

Basi walilala wapi? Kwa watu wao. Babangu alipokwenda Nairobi mara ya kwanza, alikuwa na jina moja kwenye karatasi, jina la mtu wa ukoo wetu aliyefanya kazi ya reli, na alilala sakafuni pake pamoja na wengine wanne. Kabla ya hapo, enzi za babu, ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu ya kipande. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi yake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning’inia shingoni. Aliyekutwa mjini usiku bila cha kujieleza alilala kwa serikali, bila malipo. Wazee wa kwetu bado wanakiita kitambulisho cha leo kipande. Msichana wa mapokezi aliponiambia “Naomba ID, mzee,” nilisikia sauti ya babu ikilitafsiri.

Wasio na mtu walikwenda Pangani, mtaa wa zamani wa Nairobi uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, au Pumwani, ulioanzishwa mapema miaka ya 1920. Huko nyumba nyingi za vyumba vya kupangisha zilikuwa za wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu umalaya katika Nairobi ya ukoloni, anaonyesha kwamba baadhi ya wanawake hawa waliwauzia wanaume mambo yote waliyoyakosa mjini kwa pamoja: kitanda, maji ya kuoga, chai ya asubuhi, mazungumzo, na mwili. Baadhi yao walijenga nyumba kwa pesa hizo, na mmiliki wa kwanza wa kitanda cha kulipia ambacho Mwafrika angeweza kukifikia Nairobi mara nyingi alikuwa mwanamke. Hatujamshukuru. Tulichokifanya ni kulitia doa kila neno la kitanda cha kulipia.

Ndiyo maana leo Kenya tuna loji, na Tanzania wana gesti. Yote mawili ni maneno halali, yameandikwa kwa rangi ukutani, lakini mtu wa heshima hayatumii kujihusu. Mwanamume akisema “nililala loji” marafiki hutabasamu. Mwanamke hasemi kabisa. Watanzania wana gesti bubu pia, ile isiyo na kibao, ambayo jina lake limeshasema yote. Tukitaka kuficha tunasema hoteli, basi hoteli imelazimika kuwa na kazi mbili, kulisha wengi na kusitiri wachache. Neno lile lile linalofanya wajukuu wangu wacheke ndilo kimbilio la mtu anayeogopa kuitwa mzinzi. Nikikumbuka lile swali la “mko pamoja?” naona halikutungwa na msichana wa mapokezi. Alilirithi, kama nilivyoirithi mimi ile aibu ya ngazini. Ila mimi nilipewa ufunguo, na mwenzangu akapekua faili.

Kuna usemi mmoja tu ninaoupenda katika uwanja huu, nao uko Tanzania zaidi kuliko kwetu: nyumba ya kulala wageni. Wapo wanaoupiga vita. Wanadai sarufi inataka nyumba ya kulaza wageni, au ya kulalia wageni, kwa kuwa nyumba hailali, wanaolala ni wageni. Mimi nawapinga. Mswahili husema kitanda hiki kinalala watu wawili, na hakuna anayedhani kitanda kimesinzia. Mahali panachukua nafasi ya kiima, na watenda wanakuja baada ya kitenzi. Huu ni muundo wa Kibantu wa asili, haukuazimwa kokote, na waliouandika ukutani walikuwa na masikio mazuri kuliko wahariri wao. Zaidi ya hayo, usemi huo hauna siri. Kuna nyumba, kuna kulala, kuna wageni. Sijui kwa nini sisi Wakenya hatukuuchukua.

Baada ya uhuru wa 1963 milango ya mbele ilifunguliwa kwa mwenye pesa. Hilton ilisimama Nairobi mnamo 1969, mnara wa mviringo uliokuwa kwenye kadi za posta nilipokuwa mtoto, na ilifungwa mwishoni mwa 2022. Nilipita chini yake mara nyingi. Ndani sikuwahi kuingia.

Lakini hadithi yangu haikuishia kwa mama. Siku ya pili baada ya kurudi, ndugu yangu mdogo alinipigia simu kutoka Kawangware. Habari zilikuwa zimemfikia, nadhani kupitia wale wajukuu waliocheka.

“Kaka, sasa mimi niko hapa Nairobi na wewe unalipa kitanda? Si ungekuja tu?”

Nikasema nilikuwa na kazi nyingi, kongamano lilianza asubuhi sana. Maneno ya uongo hayana lahaja, hueleweka kila mahali. Akanyamaza, kisha akasema, “Ama ni ile nyumba?”

Ilikuwa ni ile nyumba. Ana chumba kimoja, mke na watoto watatu. Nilipolala kwake mwaka juzi, yeye na mkewe waliniachia kitanda nikakataa, wakakataa kukataa kwangu, na watoto wakatandikiwa chini ya meza, miguu nje. Usiku kucha niliogopa kushuka nisije nikamkanyaga mmoja. Asubuhi mkewe alinipa mayai mawili, na watoto walikunywa chai kavu wakiyatazama. Sikuyasema hayo kwenye simu. Nilisema, “Hapana, ndugu yangu, nyumba ni nzuri.”

Jumapili nilimweleza mama yote, mayai na miguu ya watoto. Alikuwa akichambua chinsaga, hakuinua macho. Alikaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani hakunisikia.

“Basi ukienda tena,” alisema mwishowe, “beba ndizi na unga, ukale kwake jioni. Ukishakula, nenda ukalale kwenye hoteli yako.”

Nikamwuliza majirani wakitaka kujua nililala wapi, atawaambia nini.

“Nairobi,” akasema, akaendelea kuchambua.